Mwezi wa Sifuri

Mimi tarehe yangu ya kuzaliwa nilipewa na mwalimu. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mama aliulizwa mtoto huyu kazaliwa lini, akajibu mwaka ule wa vita, maharage yakiwa yanachanua. Mwalimu akaitazama foleni iliyokuwa imefika mlangoni, akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza. Nusu ya darasa letu tulizaliwa siku hiyo hiyo, utadhani mama zetu walikubaliana.

Sikuipenda tarehe ile hata kidogo. Nilipokua nikajiapiza kwamba nikipata kazi ya kuandika tarehe za watu nitaziandika sawasawa, na atakayeniletea habari za maharage kuchanua nitamrudisha kwao akaulize vizuri. Hasira zangu nimezaliwa nazo, hizo sikupewa na mwalimu.

Kazi niliipata miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa karani katika kituo cha afya cha kanisa, nje kidogo ya Kayanga. Asubuhi natoka nyumbani Ihanda kwa baiskeli, jioni narudi. Katikati ya hapo naandika kadi za kliniki, natafuta kadi zilizopotea na kugombana na waliozipoteza.

Kisha ikaja kompyuta. Ililetwa na wafadhili ndani ya maboksi, ikawekwa kwenye meza yangu na kufunikwa kitambaa cha kufumwa, ikipata umeme pale jenereta inapowashwa tu. Pamoja nayo alikuja mgeni kutoka Ulaya, akakaa nasi miezi mitatu. Ndiye aliyenifundisha kutengeneza kurasa za mtandao. Mtandao wenyewe ulikuwa haujafika Karagwe, lakini mgeni akasema ukurasa ni ukurasa tu: leo unausoma humu ndani ya mashine, kesho waya ukifika dunia nzima itausoma. Alipoondoka aliniachia kitabu kinene cha lugha ile ya kuiamrisha mashine, chenye mistari mingi aliyoipigia kalamu ya risasi.

Ukurasa wangu wa kwanza wa maana ulikuwa wa wajawazito. Unaingiza tarehe ya siku za mwisho za mama kuona damu, mashine inaongeza siku mia mbili na themanini, inakuambia atajifungua lini. Ukibonyeza kitufe, printa inatoa kikaratasi, unakibana kwenye kadi.

Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na vidole vya mkunga wetu. Tulimwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa, mama mtu mzima, mpole, mwenye mikono iliyopokea watoto wa tarafa nzima. Hesabu yake ilikuwa fupi: mwezi toa tatu, siku ongeza saba. Anakunja vidole, anatazama dari, anasema.

"Sista," nikamchokoza siku moja, "ukipata kidonda kidoleni, mama huyu atazaa lini?"

"Atazaa tu," akasema. "Sijaona mtu anayekaa na mtoto tumboni akingojea kidole changu kipone."

Tukashindana. Mama wa tarehe tano mwezi wa tano: Sista akakunja vidole, kumi na mbili mwezi wa pili. Mimi nikachapa 5 na 5, mashine ikaandika 12/2. Mwingine, na mwingine tena. Pengine tulipishana siku moja au mbili, Sista akasema siku mbili si ugomvi. Wiki ya pili akajisalimisha. "Basi mimi vidole vyangu nivipumzishe, vimechoka tangu ujana," akasema, na watu wote wa chumba cha sindano wakacheka.

Kasoro ilikuwa moja tu. Siku moja kikaratasi kilitoka kimeandikwa 9/0. Sista akakigeuza huku na huku.

"Tarehe tisa mwezi wa sifuri. Mwezi huo ndio upi mwanangu?"

Nikaona aibu, na mimi nikiona aibu hukasirika. Nikasema mashine imekohoa tu. Vidole vyake vilisema mama yule angezaa mwezi wa kumi na mbili, basi nikaongeza mstari mmoja kwenye ukurasa: ukiona sifuri, andika kumi na mbili. Ikakaa sawa. Sikujiuliza sifuri ile ilitoka wapi. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, nami niliudharau mwiba huku nikijisifu kwa kuuchomoa.

Mwezi wa kumi na moja mkubwa wa kituo akatutangazia kwamba kabla ya Krismasi watakuja wageni wa kanisa rafiki. Akachukua kikaratasi kimoja, akakitazama kama mtu anayenusa maziwa. "Kumi na mbili mkwaju mbili. Mgeni atasoma nini hapa? Weka majina. Januari, Februari. Ipendeze."

Kwetu nani anasema Februari? Tunasema mwezi wa pili, mwezi wa tano, mwezi wa tisa. Majina yale ni ya kalenda na redio. Lakini mkubwa amesema, nami nilipenda mambo yapendeze. Nikaandika orodha ya majina kumi na mawili, nikaiamuru mashine ikipata namba ya mwezi ichukue jina lake kwenye orodha. Mstari wangu wa sifuri ukawa hauna kazi tena, nikaufuta. Nikazungushia kikaratasi pambo la buni za kahawa. Jamani, kilikuwa kizuri! Wageni walikuja, wakakipiga picha.

Dada yangu alikuja wiki moja baada ya wageni kuondoka.

Nina dada mmoja tu, ananizidi miaka minne. Tulilala kitanda kimoja mpaka siku aliyoolewa, na kama kuna mtu aliyenizuia nisipigane na kila msichana wa Ihanda basi ni yeye. Alikuwa ameolewa Kihanga mwaka wa tatu, bado hajapata mtoto, na maneno ya pembeni yalikuwa yameanza. Sasa alikuwa na mimba. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa Mwanza kwenye kazi ya ujenzi, kwa hiyo dada alikuwa akiishi na mama mkwe wake peke yao.

Alinikuta na foleni ndefu. Akaniwekea mezani kopo la senene wa kukaanga, akakaa kwenye benchi kama wengine. Zamu yake ilipofika nikamuuliza siku zake za mwisho, nikaziandika kwenye daftari la kliniki, nikazichapa kwenye mashine, na huku natafuna senene. Kikaratasi kikatoka: 17 Mei.

"Kampe mama mkwe aone," nikamwambia. "Mwambie mdogo wako ndiye kaandika."

Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake bila kukisoma, akaenda, anatabasamu.

Mwezi wa kwanza, Jumamosi moja mchana, narudi nyumbani kwa baiskeli naona sanduku la bati barazani. Nililijua sanduku lile. Ni lile tulilomnunulia dada siku ya kumsindikiza Kihanga, lenye maua mekundu kwenye kifuniko. Nikadhani shemeji amefariki. Nikaangusha baiskeli pale pale kwenye migomba nikakimbia ndani.

Hakuna aliyekufa. Dada alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, tumbo mbele yake. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba na kata ya maji mkononi, hanywi wala haweki chini. Baba alikuwa mlango wa nyuma, ametupa kisogo, anatazama kibanja chake cha migomba.

"Wamemrudisha," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa karatasi yako."

Sikuelewa. Mama akanieleza. Mama mkwe wake dada ni mzee wa kanisa, mwanamke anayejua kusoma na kuhesabu, na sebuleni kwake ametundika kalenda ya kanisa ambayo kila jambo la nyumba huandikwa humo. Siku ambayo mwanawe aliondoka kwenda Mwanza aliizungushia duara: tarehe sita mwezi wa nane, siku mbili kabla ya Nanenane. Basi alipopewa kikaratasi akafurahi, akachukua penseli, akaanza kurudi nyuma miezi tisa kutoka tarehe kumi na saba mwezi wa tano, ajue tu Mungu aliwakumbuka lini. Ikaangukia tarehe kumi na saba mwezi wa nane. Wakati huo mwanawe alikuwa na siku kumi na moja huko Mwanza.

Akahesabu mara tatu. Wiki nzima hakusema kitu. Kisha akamwambia dada afunge sanduku, na akamtumia baba ujumbe kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi pande mbili zikutane Kihanga zimalize jambo hilo. Kadi na kikaratasi alibaki navyo yeye, ndio ushahidi.

Baba aligeuka. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Wewe ndiye mwenye mashine," akaniambia. "Inaweza kukosea?"

Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ngoja nikatazame. Daftari la kliniki lilikuwa kwenye meza yangu Kayanga, lina tarehe aliyoisema dada, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sikuona haja ya kulifungua.

"Mashine haikosei," nikasema. "Inarudisha kile ilichopewa."

Dada akainua uso. "Mimi nilikuambia siku tatu baada ya Sabasaba. Tarehe kumi mwezi wa saba. Nilikuwa naanika kahawa, tumbo linaniuma, ndiyo maana nakumbuka. Toka mwezi wa saba miezi tisa ni mwezi wa nne. Hata mtoto anajua."

"Mashine haihesabu miezi, inahesabu siku."

"Basi ihesabu siku zangu."

Nilijaribu kukumbuka aliniambia nini siku ile. Sikukumbuka. Nilikumbuka foleni, senene, na kikaratasi kizuri chenye pambo la buni. Na kwa sababu kikaratasi nilikikumbuka na maneno yake nilikuwa nimeyasahau, nikaamini kikaratasi. Nikaona wazi kabisa, kama mtu anayeona shimo: kama mashine imesema Mei, basi siku ile dada aliniambia tarehe za mwezi wa nane, na sasa anageuza maneno kwa sababu amebanwa.

"Dada," nikasema, mbele ya baba, mbele ya mama, "mimba hii ni ya nani?"

Mama aliidondosha kata. Maji yakaenda mpaka miguuni kwa dada na hakuisogeza. Nilitegemea atapiga kelele, atanitupia kitu. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, ugomvi nauweza. Badala yake aliegemea ukuta akainuka polepole, akapita mbele yangu, akaenda migombani. Usiku ule alilala na mama. Wiki mbili tukaishi nyumba moja bila yeye kunisemesha, na mimi nikajiona ndiye niliyekosewa.

Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ile ya kukutana, Sista aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaweka mezani vikaratasi vitatu vyenye pambo la buni.

"Hawa njiti wako," akasema.

"Njiti gani?"

"Watoto watatu wiki hii. Kikaratasi kinasema huyu Februari, huyu Februari, huyu Februari. Wote wamekuja mwezi mzima kabla. Wa leo asubuhi nimempima, ana kilo tatu na robo, kucha zimepita ncha za vidole. Mimi nimepokea njiti kabla hujazaliwa, najua njiti anafananaje. Huyo si njiti, huyo ni mtu aliyekuja kwa wakati wake." Kisha akainua mkono wake wa kulia mbele ya uso wangu. "Kwa hiyo leo nimeviamsha vidole vyangu. Mwezi toa tatu, siku ongeza saba. Wote watatu ni Januari."

"Haiwezekani," nikasema.

"Ndivyo na mimi nilivyosema."

Jenereta ilikuwa inanguruma nje, mashine iko tayari. Nilitaka tarehe ambayo siwezi kuisahau wala kuikosea, nikachapa ile niliyopewa na mwalimu: tarehe 1, mwezi 1. Nikaiambia isiongeze hata siku moja, inisomee tu hiyo tarehe.

Ikaandika: 1 Februari.

"Maawe!" Lilinitoka la nyumbani, kwa sauti ambayo watu wa benchini walichungulia.

Nikachapa tena. 1 Februari. Nikachapa mwezi wa saba, ikaandika Agosti. Nikachapa wa kumi na mbili, ikaandika Januari. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni, hana anachoelewa, lakini majina ya miezi alikuwa anayaona.

Nikakivuta kitabu cha mgeni. Ilikuwa kwenye sura ya tarehe, mstari mmoja, tena ameupigia kalamu ya risasi mara mbili: mashine inahesabu miezi kuanzia sifuri. Januari kwake ni sifuri. Februari ni moja. Nilikuwa nimeusoma mstari ule na kuupita, kwa sababu haukuniingia akilini. Mzungu miezi yake ina majina, anaweza kuanza kuhesabu popote anapotaka. Kwetu mwezi wenyewe ndio namba. Mwezi wa saba ni wa saba, utauitaje sita? Mkono wangu uliandika 7 kama mdomo wangu unavyosema, na mashine ikapokea mwezi wa nane.

Sasa kwa nini mwanzoni ilikubaliana na vidole vya Sista? Nilipoligundua hilo nilikaa chini kabisa. Nilikuwa nakosea mara mbili. Wakati wa kuingiza, mashine ilisogea mwezi mmoja mbele. Wakati wa kutoa jibu, namba yake ilirudi mwezi mmoja nyuma. Kosa la kuingia na kosa la kutoka yakafutana, jibu likatoka sahihi, tukapiga makofi. Ile sifuri niliyoifukia kwa mstari mmoja ilikuwa ndiyo Januari yao inanibishia hodi. Halafu nikaambiwa niweke majina. Orodha ya majina nayo mashine huihesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo majina yalitoka sawasawa na kosa la kutoka likapona lenyewe. La kuingia likabaki peke yake. Tangu siku ile ya kupendezesha, kila mama aliyepita mbele yangu niliondoka naye mwezi mmoja mbele.

"Wangapi?" Sista akauliza.

Nilikuwa nimeshalishika daftari la kliniki, nafungua kurasa za mwezi wa kumi na mbili. Nikapata jina la dada yangu. Mbele yake, kwa mwandiko wangu, wino wa bluu, kuna alama ya mafuta ya senene pembeni: 10/7.

Siku tatu baada ya Sabasaba. Aliniambia, nikaandika, na nikamwita mwongo.

Sijui nililia kwa muda gani. Najua Sista alifunga mlango, akawaambia watu karani anaumwa. Nilipomweleza kuhusu Kihanga na Jumapili ile akashika mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akashusha mikono akasema kwa upole wake ule ule, "Daftari haliruhusiwi kutoka kituoni. Kwa hiyo nitaliviringisha kwenye kitenge."

Nyumbani nilimwambia baba na mama jioni ile. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kama nimeshamwambia dada. Nikasema naogopa. Akasema, "Jumapili kwanza. Ukimwambia leo utampa maneno, na maneno ameshapewa mengi."

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Kihanga mimi, baba na Sista, tumepakiwa kwenye baiskeli tatu za bodaboda, barabara ina tope jekundu, kwenye kila kilima tunashuka tunasukuma. Njia nzima nilipanga maneno. Tulipofika nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mama," na maneno yote yakaniruka.

"Marahaba," mama mkwe wake dada akajibu, bila kunitazama. Kalenda ilikuwa mezani tayari, ameibandua ukutani. Kando yake kile kikaratasi, kimenyooshwa vizuri, na penseli. Hakuwa mwanamke mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Sista akafungua kitenge akaweka daftari. Mimi nikaeleza. Sikuieleza sifuri, nani angeielewa? Nilisema: mama, tarehe aliyoisema dada ni hii hapa, na mashine niliifundisha vibaya, ikasogeza mbele mwezi mmoja, na si kwake peke yake, kwa kina mama wote. Sista akaongeza habari za watoto watatu wa kilo zao kamili.

Mama yule akavuta daftari karibu. Akasoma tarehe. Akakunja vidole, mwezi toa tatu, siku ongeza saba. Nilishangaa, kumbe naye aliijua hesabu ile. Akachukua penseli, akarudi nyuma kwenye kalenda miezi tisa kutoka tarehe kumi na saba mwezi wa nne, ukurasa kwa ukurasa. Ikatua mwezi wa saba. Mwanawe alikuwa nyumbani, na wiki nzima ile walikuwa wanaanika kahawa pamoja. Penseli ikamwanguka.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemfukuza mjukuu wangu."

Akalia, na baba yangu, ambaye alikuja na hasira za kuvunja nyumba, akabaki anaitazama kofia yake. Baadaye mama yule alifuta uso, akamwomba baba radhi, akasema kesho atakuja Ihanda kwa miguu yake mwenyewe kumchukua mkwe wake. Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi.

"Mimi nilisoma tu mwanangu," akasema. "Nilijiambia, karatasi hii imeandikwa na mdogo wake wa tumbo moja. Ingekuwa na shaka, mdogo wake asingeitoa."

Tulirudi jua likiwa bado juu. Dada alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, rundo la maganda miguuni. Baba akamweleza kwa maneno yasiyozidi kumi. Akasikiliza, kisu hakikusimama. "Sawa baba," akasema. Nikasogea mbele, nikafungua mdomo. Akasema, "Nipishe, unaniziba mwanga." Kesho yake mama mkwe wake alikuja kama alivyoahidi, na sanduku la bati likarudi Kihanga.

Mimi nilikaa wiki nzima na daftari, nikawatafuta kina mama wote wa vikaratasi vya buni, mmoja mmoja, wengine kwa baiskeli mpaka majumbani. Sista alivirudia vidole vyake. Ukurasa niliurekebisha, lakini hakuna aliyeuamini tena, na mimi wa kwanza.

Dada alijifungua mwezi wa nne, siku mbili baada ya ile ya vidole, mtoto wa kiume, mikononi mwa Sista. Nilisubiri watu wapungue ndipo nikaingia. Mtoto alikuwa na masikio ya shemeji yangu, yamesimama vile vile. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema yote niliyoyabeba tangu mwezi wa kwanza: kwamba ni ile mashine, kwamba inaanzia sifuri, kwamba mwenyewe sikujua, kwamba anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na ni heri angekuwa nayo.

"Mashine nilishaisamehe," akasema, akimgeuzia mtoto titi la pili. "Yenyewe ilikuwa hainijui."